Pumzi ya Zamoyoni

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Sikudhani nikiwa nimeinama mbele yake, namwekea mto mgongoni. Akausoma kwa sauti, maana alidhani ni utani.

"Zamu inakusalimu. Utamwona daktari bingwa wa mapafu baada ya siku mia sita na kumi na moja. Tafadhali usifike kabla ya siku yako."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti, nami nikamshika mabega nikingoja kimalizike. Kilipokwisha alibaki ameinama vile vile, akivuta hewa kwa mdomo. Ndipo nikaisikia.

Kwanza mluzi mwembamba. Halafu kukwama kidogo, kama mlango unaoburuza sakafu. Halafu mibofyo mitatu midogo chini kabisa ya mbavu, miwili ya haraka na mmoja uliochelewa. Naijua pumzi hiyo kuliko ninavyoijua sauti ya mume wangu. Ni ya Zamoyoni, mama yake Sikudhani, shoga yangu tuliyeponda naye kokoto miaka ishirini, na Zamoyoni tumemzika mwaka wa tano sasa.

"Mbona umeganda, mama mdogo?" Sikudhani aliniuliza.

"Nakusikiliza tu, mwanangu."

Sikumwambia nilichokisikia.

*

Jina langu ni Siwema Mloka, mhudumu wa afya wa mtaa wa Machimbo. Mitambo ya kampuni inavunja mwamba wa reli mpya, na wanawake wa mtaa wanachekecha na kumalizia kwa nyundo kokoto zilizoshindikana. Nami nilikuwa mmoja wao kabla kifua hakijanikatalia. Vumbi la mitambo ni laini kuliko unga wa muhogo, linaingia mahali ambapo vumbi la nyundo za bibi zetu halikuwahi kufika.

Daktari bingwa wa mapafu ni mmoja kwa kanda nzima. Zamani watu walikesha nje ya mlango wake, mtu akienda kutafuta uji anaacha jiwe au kandambili kushika nafasi. Halafu akaja Zamu. Zamu ni mashine, ila sisi tunamtaja kama mtu, tena mtu wa kuogopwa. Kazi yangu ni kumbandika mgonjwa kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti, chini ya mtulinga. Tunakiita sikio. Sikio linasikiliza pumzi kwa saa ishirini na nne, Zamu anaipa daraja, la kwanza mpaka la tisa, kisha anatoa siku ya kumwona daktari. Mwenye hali mbaya anatangulia. Hakuna kujuana wala kumpa mtu soda. Na ili siri za wagonjwa zisivuje, majina yanabaki kwetu wahudumu, yeye anapokea namba na pumzi peke yake. Baadaye anaambiwa namba fulani imepona, fulani bado ipo, fulani imekufa, naye anajifunza.

Hilo la kujifunza hatukulitilia maanani. Nalisema mapema nisije nikaonekana nimelificha.

Kikundi chetu kilikuwa na wanawake kumi na mmoja, na tulikuwa tumezoea kushikiana nafasi. Bombani, kliniki, kwenye mashine ya kusaga, mtu akisema "nishikie", unashika, huulizi anakwenda wapi. Mwaka ule sote tulikuwa tunakohoa, lakini Zamoyoni ndiye aliyekuwa hoi. Zamu alimpa daraja la nane na siku kumi na tisa. Sisi wengine tukapewa miezi kumi na minne. Wazo lilikuwa lake mwenyewe, tena alilitoa akicheka kwa shida.

"Si mniletee hayo masikio yenu," alisema. "Mimi niwashikie."

Tukaomba kupimwa upya, nami, niliyekuwa nimeshaanza uhudumu, nikambandika yote kumi, yakamjaa kifuani kama vishikizo vya bwana harusi. Alitembea nayo kutwa nzima polepole, akidai amebeba abiria na asingependa kumwangusha mtu. Sote tukapata siku kumi na tisa.

Siku ya kumi na sita Zamoyoni akafa. Sisi kumi tulimwona daktari baada ya siku chache, macho yakiwa bado yamevimba kwa kulia, tukapewa dawa, tukapata nafuu.

Hapo ndipo tungeishia. Lakini siku mbili kabla hajafa, alipokuwa amelala mchana, nilikuwa nimeirekodi pumzi yake kwenye simu. Sikumuuliza. Nilijiambia ni ya kumbukumbu. Baada ya arobaini alinijia jirani mmoja anakohoa, analia, amepewa mwaka mzima wa kungoja. Nikachukua spika ndogo, nikaifunga kwenye kanga pamoja na mfuko wa mpira wa maji ya moto, nikabandika sikio juu yake. Zamu akasikia kifua chenye joto kinachopumua. Daraja la nane.

Niliona nimefanya jambo la maana kupita yote niliyowahi kufanya. Kwenye semina ya wahudumu, wakati wa chai, nikawafundisha wenzangu, na wao wakatumiana ile sauti kwa simu, wilaya kwa wilaya. Kisha siku zikaanza kurefuka. Kumi na tisa zikawa arobaini, arobaini zikawa mia. Tukailaumu serikali. Miaka miwili iliyopita tukaacha, maana haikusaidia tena, nami nikadhani yamekwisha.

*

Sikudhani alikuwa amepimwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi tulichukua bajaji mpaka Hospitali ya Kanda. Nilimsihi abaki nyumbani, akakataa, akasema anataka auone huo mlango unaofunguka baada ya siku mia sita. Nilimkalisha kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha takwimu. Korido nzima ilikuwa tupu. Tangu Zamu aje hakuna anayefika kabla ya siku yake, na ukimya wa mahali pale uliniudhi.

Mtunza takwimu alikuwa kijana wa miwani, Edmundi Mbena, mtoto wa watu mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nina mgonjwa wangu amepewa siku mia sita na kumi na moja. Nataka kujua ni kosa la nani."

Nikamtajia namba. Akaiandika, akatabasamu.

"Daraja la nane! Hao ndio hawana haraka kabisa, mama. Sisi humu tunawaita Vifua vya Chuma." Akaniwashia ukuta, ukajaa nukta za kijani, na nyekundu chache. "Hii pumzi ukiisikia utasema mtu hamalizi mwezi. Lakini tazama mwenyewe. Hizi za kijani ni namba mia tatu na kumi na mbili za pumzi hii, na zote ziko hai mwaka wa tatu, wa nne, zinakuja kliniki ya marudio kama kawaida. Wengine wamepona kabisa. Tunaandaa ripoti. Tunafikiri kuna kitu kwenye damu ya watu wa huko kwenu."

Akagusa nukta moja, na Zamoyoni akapumua chumbani. Mluzi, mkwamo, mibofyo miwili na mmoja uliochelewa.

Nilitafuta kiti nikakaa.

"Na hizo nyekundu?" nikauliza.

"Hao ni wachache wa daraja hili hili waliokwenda kinyume. Walifariki wakingoja."

"Wangapi?"

"Sitini na wawili. Mwezi uliopita peke yake, wanane." Alishusha sauti kidogo, kwa heshima ya marehemu. "Zamu anawaona kama bahati mbaya. Atahitaji wengi zaidi ya hao ili abadilishe mawazo."

"Na wanaongoja sasa hivi?"

"Wa daraja la nane? Arobaini na sita, pamoja na huyo wako."

Nilimuuliza ni nani basi anayeonwa haraka siku hizi. Akasema daraja la tano, siku tisa tu, maana hao ndio Zamu anaowaona wanakufa.

Daraja la tano ni langu. Nasikiliza vifua kila siku, changu nakijua. Na mkobani nilikuwa na sikio jipya lenye namba ya Sikudhani, nililokuja nalo kumwombea kupimwa upya. Ningelibandika kifuani kwangu, likae siku nzima, halafu siku tisa. Mama yake alikufa siku ya kumi na sita tangu apimwe. Sikudhani alikuwa na siku tatu tu tangu apimwe. Nilipiga hesabu na nafasi ilikuwepo. Mgonjwa wa kufa angeazima pumzi ya mwenye nafuu ili aonekane mgonjwa.

*

Nilitoka nikakaa naye kwenye benchi, nikamweleza yote. Nilianza na masikio kumi, hilo alilijua tangu msibani. La rekodi hakulijua.

"Unayo hapo?" aliuliza.

"Ninayo."

"Niwekee."

Aliishika simu akaisogeza sikioni, akafumba macho. Alisikiliza mara ya kwanza, akaniashiria nirudie, akasikiliza tena. Mara ya tatu nikaona kifua chake kinapanda na kushuka pamoja na ile sauti, bila yeye kukusudia, mluzi kwa mluzi, mpaka sikuweza tena kujua ipi inatoka kwenye simu.

"Alijua kuwa unamrekodi?"

"Alikuwa amelala."

Akanirudishia simu. Hakupaza sauti, na ningefurahi kama angenitukana.

"Watu mia tatu," alisema. "Miaka mitano, mama yangu anaamshwa kwenda hospitali kuwashikia watu nafasi."

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nasaidia." Nilikuwa nalia, wala sikujificha. "Lakini sikiliza. Sikio lako jipya ninalo. Nikilivaa mimi, baada ya siku kumi unamwona daktari. Hakuna atakayejua."

"Na hao wengine arobaini na tano?"

Nilifungua mkoba, nikaufunga tena.

"Na mwakani, mtu wa daraja la tano akija kweli kweli, Zamu atamwambia nini? Ngoja siku mia sita?" Alipumzika kidogo kutafuta hewa. "Mama mdogo, kwani ukiwaambia ukweli si wataifuta hiyo sauti? Wakiifuta, si sisi arobaini na sita tunasogezwa mbele?"

Sikuwa nimeliwaza hilo, na nilipoliwaza moyo ulinipaa.

"Mtasogezwa. Huenda kesho hiyo hiyo."

"Basi nenda kawaambie. Mama alale."

Nikainuka, nikajifuta uso kwa upindo wa kanga, nikagonga tena kwa Mbena.

*

Mbena alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alivua miwani, akaiweka mezani. Ripoti yake ilikuwa imekufa mbele ya macho yake, lakini nadhani alikuwa anawafikiria wale sitini na wawili, maana macho yake yalikwenda kwanza kwenye nukta nyekundu.

"Nipe rekodi."

Nikampa. Akamwonyesha Zamu. Nukta za kijani zikaanza kugeuka kijivu, moja moja, halafu makundi makundi, wilaya kwa wilaya, kwa njia ile ile semina yangu ilivyopita. Mbena alieleza huku akifanya. Angemwambia Zamu kwamba pumzi hii yote ni ya mtu mmoja, naye ni marehemu. Zamu angezifunga namba zote zilizoibeba, angejifunza upya bila hizo, na kabla ya saa sita wenye pumzi za daraja la nane wangeitwa mbele. Na kuanzia leo sikio lingevaliwa hospitalini, mbele ya muuguzi, mwanzo mpaka mwisho, asitokee mwingine kama mimi.

"Mia tatu na kumi na mbili," nilisema ukuta ulipotulia.

"Na tatu," alisema Mbena. "Mia tatu na kumi na tatu. Hii ya mwisho ni ya Ijumaa."

Alinisomea namba. Sikuhitaji kuitazama kwenye daftari.

"Hiyo si ya uongo," nilisema. "Hiyo ni ya mtoto wake. Yuko hapo nje, kwenye benchi."

Akazichora pumzi mbili ukutani, ya mama na ya binti, akaziweka moja juu ya nyingine. Ukaonekana mstari mmoja. Akajaribu kumbana Zamu atofautishe kwa ukali zaidi. Sikudhani akatoka kwenye kijivu, lakini wakatoka naye tisini wa uongo, na siku za wanaongoja hazikushuka hata moja. Akajaribu tena na tena, jasho likimtoka.

"Wale arobaini na tano anawatambua," alisema. "Huyu hamtambui. Zamu hamjui mtu, mama, anajua pumzi. Nikimwambia hii ni ya marehemu, itakuwa ya marehemu popote atakapoisikia."

"Mtoe kwa mkono."

"Ningekuwa na uwezo ningeshamtoa. Nikigusa namba moja kwa mkono, mlango wa daktari unafungwa kanda nzima mpaka wakaguzi waje. Waliweka hivyo ili tusipendelee ndugu zetu."

"Malalamiko?"

"Siku tisini."

Kijana yule akainuka, akafunga pazia la mlango, akarudi kunisogelea.

"Mama, sijabonyeza. Naweza kusema hukuwahi kuingia humu. Hilo sikio ulilonalo mkobani nimeliona. Nenda nalo nyumbani, fanya unachojua. Huyo binti ataonwa."

"Na hao arobaini na tano?"

"Nitatafuta njia nyingine. Mwezi, miezi miwili."

"Mwezi uliopita walikufa wanane."

Akarudi kitini kwake.

Pazia lilikuwa limeacha upenyo. Kupitia kioo nilimwona Sikudhani kwenye benchi, mto umemteleza mgongoni, amekaza macho kwenye mlango ule wa bingwa mwishoni mwa korido. Aliniona namtazama. Akainua mkono, akatabasamu, kama mtu aliyekwishaambiwa kwamba zamu yake imefika.

Nilipaswa kutoka nimuulize. Hatua sita tu. Ningemwambia: si kama tulivyodhani, akifutwa mama yako, unafutwa na wewe, chagua. Miaka mitano iliyopita nilisimama hivi hivi mbele ya mama yake aliyelala na sikumwamsha, na uchungu wa jambo hilo nilikuwa nimetoka kuuona usoni kwa binti yake muda mfupi tu uliopita. Lakini niliogopa. Kama angesema anataka kuishi, ningelivaa lile sikio, najijua, ningelivaa na kuwasahau wale arobaini na tano nisiowajua majina. Na kama angesema "futa", nisingeweza kumtazama usoni siku zote zilizobaki.

"Futa," nilimwambia Mbena.

"Mama, una hakika? Hajaulizwa."

"Futa, baba. Kabla sijatoka humu."

Akabonyeza.

Ukuta ukawa mweupe. Halafu nukta arobaini na tano zikajitokeza juu kabisa, na simu za mezani zikaanza kulia, ofisi moja baada ya nyingine, wauguzi wakiita watu waje kesho, waje keshokutwa. Mbena alikuwa anajifuta macho. Alisema ataandika malalamiko yeye mwenyewe, mchana huu huu, na atayapeleka kwa miguu mpaka kwa mkuu wa kanda. Nilimshukuru. Nilijua siku tisini ni nyingi kiasi gani.

Nilipotoka koridoni simu yangu ikalia, na ya Sikudhani ikalia papo hapo. Machimbo kote, na wilaya zote nilizozifundisha, watu mia tatu na zaidi walikuwa wanashika simu zao wakati ule ule. Yeye akausoma wake kwa sauti, kama kawaida yake.

"Zamu inatoa pole kwa familia ya mgonjwa huyu. Nafasi yake imefungwa."

Safari hii hakucheka. Akaniangalia, akitafuta jibu usoni mwangu.

"Mama mdogo, wanasema nimekufa."

"Na mimi pia," nilisema, nikamwonyesha simu yangu.

Alishusha pumzi, ule mluzi, ule mkwamo, mibofyo miwili na mmoja uliochelewa, halafu akanishika mkono ili nimsaidie kuinuka.

"Basi wamechanganya, si bure," alisema. "Twende kwa muuguzi tukapimwe upya, sote wawili."

Nikamwambia haya, twende. Tukaenda polepole mpaka dirishani, muuguzi akaleta masikio mawili mapya, akambandika yeye kwanza. Mimi ninayo pumzi yangu ya kumpelekea Zamu. Yeye hana nyingine.